Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Utovu wa Maadili ya Kazi na Nidhamu ya Leseni kwa Mawakala wa Ardhi na Majengo nchini Kenya

Maelezo haya yanawahusu wanunuzi, wauzaji, wenye nyumba na wapangaji ambao wamefanya au wanakusudia kufanya shughuli kupitia kwa wakala nchini Kenya, pamoja na mawakala wenyewe. Sheria inayozungumziwa zaidi ni Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Majengo, Sura ya 533, iliyopitishwa mwaka 1984, ambayo ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Mawakala. Madalali wa Dar es Salaam, Zanzibar au Kampala hawamo chini ya bodi hii, na anayewalalamikia atafute njia za nchi zao.

Ni nani hasa anayehesabiwa kuwa wakala mbele ya sheria?

Sheria haikuangalia jina analojiita mtu. Iliangalia kazi anayoifanya. Anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi, mwenye nyumba na mpangaji, au mkopeshaji na mkopaji kuhusu mali isiyohamishika, au anayesimama katikati yao na kujadiliana masharti ya mauzo, rehani au upangishaji kwa niaba ya mmoja wao, anafanya kazi ya uwakala. Kwa hiyo yule kijana anayetangaza vyumba mtandaoni, akakutana nawe steji ya matatu na kukutembeza nyumba tatu kwa siku kisha akadai komisheni, anafanya kazi ambayo sheria imeiwekea masharti, hata kama hana ofisi wala kibao cha mlangoni. Mwenye mali anayeuza mali yake mwenyewe hamo katika kundi hili, kwa sababu hasimami katikati ya watu wawili.

Je, kinachosajiliwa ni kampuni au ni mtu?

Ni mtu. Hapa ndipo watu wengi wanapopotoka. Kifungu cha 18 kinamkataza mtu binafsi asiyesajiliwa kufanya kazi ya uwakala, na kinataka ubia usifanye kazi hiyo isipokuwa wabia wote wanaoshiriki kazi yenyewe wawe wamesajiliwa. Kwa kampuni, sharti hilo linawaangukia wakurugenzi wanaoishiriki kazi hiyo. Kampuni yenye jina kubwa na magari yaliyochorwa nembo bado inaweza kuwa haina hata mkurugenzi mmoja aliye katika rejista. Unapouliza, usiulize tu kama kampuni imesajiliwa, kwa maana jibu litakuwa ndiyo na utaonyeshwa cheti cha kusajiliwa kwa kampuni. Uliza jina la mtu aliyesajiliwa ambaye anasimamia shughuli yako, kisha umtafute mtu huyo.

Nitahakikishaje kwamba wakala ana leseni halali?

Bodi huchapisha orodha ya mawakala waliosajiliwa na walioruhusiwa kufanya kazi kwa mwaka husika. Mambo haya mawili ni tofauti: mtu anaweza kuwa alisajiliwa miaka mingi iliyopita lakini cheti chake cha kufanyia kazi kikawa hakijahuishwa mwaka huu. Angalia jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, angalia mwaka wa cheti, na ukiwa na shaka wasiliana na Bodi moja kwa moja badala ya kupiga nambari iliyochapishwa kwenye cheti ulichoonyeshwa, kwa sababu mtu anayeweza kughushi cheti anaweza pia kuandika juu yake nambari ya rafiki yake.

Hati zinazoonyeshwa mara nyingi badala ya leseni ni kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha kusajili jina la biashara, nambari ya mlipakodi ya KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya), na kadi za uanachama wa vyama vya kitaaluma. Kila moja ina kazi yake, na wakala mwema huwa nazo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayochukua nafasi ya usajili chini ya Sura ya 533. Kibali cha kaunti kinathibitisha kwamba biashara imelipa ada ya kufungua mlango mahali fulani. Hakisemi lolote kuhusu uaminifu au elimu ya aliye ndani.

Ni matendo gani yanayohesabiwa kuwa utovu wa maadili ya kazi?

Kiini cha uwakala ni kwamba mtu amekuamini na mali yake au na fedha zake, na wewe umekubali kuweka maslahi yake mbele ya yako. Wajibu huo haukuanza na Sura ya 533. Ulitokana na kanuni za sheria ya mazoea (zilizojengwa na maamuzi ya mahakama) na za insafu (za usawa na uadilifu) ambazo mahakama za Kenya huzitumia kupitia Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, na chini ya kanuni hizo wakala haruhusiwi kujipatia faida ya siri, wala kujiweka mahali ambapo maslahi yake yanagongana na ya aliyemtuma bila kumweleza na kupata idhini yake.

Tuchukue mfano wa ploti. Mwenye shamba anamwambia wakala kwamba atakubali shilingi milioni 2. Wakala anamwambia mnunuzi kwamba bei ni milioni 2 na laki 4, anapokea fedha zote, anampa mwenye shamba milioni 2 na kubaki na laki 4 zisizojulikana na yeyote, juu ya komisheni aliyoahidiwa. Mitaani jambo hili huitwa kuongeza bei, na wengi wanaliona kuwa ujanja wa kawaida wa biashara. Mbele ya sheria, laki 4 zile ni za mwenye shamba, naye ana haki ya kuzidai. Ni hivyo hivyo kwa wakala anayepokea bahasha kutoka kwa mnunuzi ili asimweleze muuzaji kwamba kuna mtu mwingine aliyetoa bei bora.

Makosa mengine yanayofaa kulalamikiwa ni kutangaza mali isiyopo au iliyokwisha kuuzwa; kuficha jambo analolijua, kwa mfano kwamba ardhi ina kesi mahakamani au kwamba sehemu yake imo ndani ya hifadhi ya barabara; kuwawakilisha muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja bila kila mmoja kujua; kukataa kutoa hesabu; na kumwazima mtu asiyesajiliwa jina na cheti ili afanye kazi kwa kivuli chake. Hilo la mwisho naliona zito kuliko linavyochukuliwa, kwa kuwa linaigeuza rejista yenyewe kuwa chombo cha kudanganyia watu.

Fedha za mteja zinapaswa kukaa wapi?

Sheria inamtaka wakala aziweke fedha za wateja katika akaunti ya benki iliyo mbali na fedha zake mwenyewe, na aweke hesabu zinazoonyesha kila shilingi ni ya nani. Sababu yake inaonekana vizuri kwenye usimamizi wa nyumba za kupanga. Tuseme jengo lina nyumba 20, kila moja kodi yake ni shilingi 15,000 kwa mwezi, na mkataba unampa wakala asilimia 6. Mwezi ambao wapangaji wote wamelipa, wakala amepokea 300,000, ana haki ya 18,000, na 282,000 ni za mwenye nyumba. Zaidi ya hizo, anashikilia amana ambazo kila mpangaji aliweka siku ya kuingia; kama ni kodi ya mwezi mmoja mmoja, hiyo ni 300,000 nyingine, ambayo si mali yake na kwa kawaida itarudi kwa wapangaji watakapohama, baada ya kutolewa gharama halali za uharibifu.

Wakala anayeziweka fedha zote hizi kwenye simu yake au kwenye akaunti moja na ada za shule za watoto wake hahitaji kuwa mwizi ili alete msiba. Inatosha apate dharura moja. Atachukua kidogo kwa nia ya kurudisha, kisha mpangaji mmoja ahame ghafla, na amana yake isipatikane. Malalamiko mengi ya amana huanzia hapo, na jibu la kwamba "mwenye nyumba bado hajatoa" halimtoi wakala katika lawama ikiwa ni yeye aliyeipokea amana hiyo na kuahidi kuitunza.

Je, ni halali kutozwa ada ya kutazama nyumba?

Jambo hili hutegemea kilichosemwa na kukubaliwa mapema. Ada ndogo iliyoelezwa wazi, yenye risiti, kwa kazi ya kumtembeza mtu, ni suala la makubaliano. Lakini anayetoza watu kumi ada ya kutazama nyumba anayoijua kwamba imekwisha kupangishwa anajipatia fedha kwa udanganyifu, na udogo wa fedha hizo haubadilishi jina la kosa.

Bodi inaweza kumfanya nini wakala?

Mamlaka ya Bodi yanahusu usajili. Baada ya uchunguzi na kusikiliza pande zote, adhabu zake huanzia onyo, zikapita kwenye kusimamishwa kazi, na kufikia kumfuta mtu katika rejista. Aliyefutwa akiendelea na kazi anarudi kuwa sawa na asiyesajiliwa, na kifungu cha 18 kinamhusu kikamilifu.

Je, Bodi itanirudishia fedha zangu?

Usiliweke tumaini lako hapo. Kumwadhibu wakala na kukurudishia fedha ni mambo mawili tofauti, yenye milango miwili tofauti, na yapo mashauri yanayohitaji mlango wa tatu. Watu huvunjika moyo kwa sababu walibisha mlango mmoja na kungoja yote mitatu ifunguke.

Kuhusu leseni na mwenendo, nenda kwenye Bodi. Kuhusu fedha, nenda mahakamani. Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza pamoja na mengine madai ya fedha zilizopokewa na kushikiliwa na mtu mwingine, ambayo ni maelezo kamili ya amana iliyokataliwa kurudishwa. Sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, na si lazima uwe na wakili. Kuhusu jinai, nenda polisi au kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ambayo ina kitengo cha ulaghai wa ardhi. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake hufikia miaka 3.

Milango hii haifungani. Unaweza kulalamika kwenye Bodi huku ukidai fedha zako mahakamani, wala huhitaji kungoja uamuzi wa mmoja ili uanze mwingine.

Itakuwaje kama aliyenidhulumu hajasajiliwa kabisa?

Hapa ndipo pana ugumu mkubwa, na ni afadhali ulijue kabla ya kutoa fedha kuliko baada. Hatua za kinidhamu humfikia aliye katika rejista tu. Mtu ambaye hakuwahi kuwa na leseni hawezi kunyang'anywa leseni. Bodi inaweza kupokea taarifa zake na kuzifikisha kwa vyombo vya dola, kwa kuwa kufanya kazi bila usajili ni jinai: kifungu cha 18 kinatoa faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili.

Mwaka 1984, shilingi 20,000 zilikuwa fedha nyingi. Leo ni komisheni ya kumpangishia mtu nyumba moja ya wastani Nairobi. Naamini kwa dhati kwamba kiwango hiki kimegeuka kuwa ada nyingine tu ya kufanyia biashara, na kwamba kila mwaka unaopita bila kurekebishwa, wakala aliyesoma, akasajiliwa na kulipia cheti chake anaonewa pamoja na mnunuzi. Kwa sababu hiyo, dhidi ya asiyesajiliwa, nguvu yako iko zaidi kwenye Kanuni ya Adhabu na mahakama ya madai kuliko kwenye Sura ya 533.

Malalamiko yaandikwe namna gani?

Yaandikwe kwa maandishi, kwa mpangilio wa tarehe, na kwa lugha isiyo na matusi. Taja jina kamili la wakala na la kampuni anayofanyia kazi, mali inayohusika pamoja na nambari yake ya ardhi au jina la jengo, siku mliyokutana, alichokuahidi, ulicholipa na ulilipa kwa njia gani, na siku ulipogundua tatizo. Kisha sema unachoomba. Barua ya kurasa mbili zenye tarehe ina uzito kuliko ya kurasa kumi zenye hasira, ingawa hasira yenyewe inaeleweka.

Ambatisha nakala, ubaki na asili. Kwa malipo ya M-Pesa, ujumbe wa simu unasaidia, lakini taarifa kamili ya miamala kutoka kwa mtoa huduma ni bora zaidi. Kwa mazungumzo ya WhatsApp, usikate vipande. Hifadhi mazungumzo yote, na usiitupe wala kuiuza simu iliyoyabeba. Shauri likifika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi za kielektroniki ziambatane na cheti kinachoeleza zilivyopatikana na kwa kifaa gani, na wengi wameona ushahidi wao mzuri ukipingwa kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Jambo moja ambalo watu husahau: andika kwanza kwa wakala mwenyewe, ukimpa muda wa wazi, kama siku 14, wa kujibu au kulipa. Akijibu, umepata maelezo yake kwa maandishi. Akinyamaza, kimya chake kinaingia kwenye faili.

Wakala anayelalamikiwa ana haki gani?

Ana haki zote ambazo mimi na wewe tungezitaka. Ibara ya 47 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na vyombo vya utawala, na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015 inafafanua maana yake: kuarifiwa mapema, kupewa nafasi ya kujieleza, na kupewa sababu za uamuzi kwa maandishi. Asiporidhika, Mahakama Kuu ipo. Kuna malalamiko ya uongo, hasa ya wenye nyumba wanaotaka kukwepa kulipa komisheni baada ya mpangaji kupatikana, na mtu asiharibiwe riziki yake kwa shutuma ambayo hakusomewa.

Kwa wakala aliyepokea barua ya malalamiko, ushauri wangu ni mfupi. Jibu ndani ya muda uliopewa. Toa hesabu ya fedha hata kama inakuaibisha. Usibadilishe kitabu cha risiti, kwa sababu kosa la uzembe ambalo lingeishia kwenye onyo hugeuka kuwa kughushi. Kama kuna uchunguzi wa polisi kuhusu jambo hilo hilo, zungumza na wakili kabla ya kuandika lolote.

Wakala akifutwa katika rejista, je, ununuzi wangu unabatilika?

La, si kwa sababu hiyo peke yake. Mkataba wa mauzo ni kati yako na muuzaji. Kinachoutia nguvu ni mambo mengine: chini ya kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba lazima uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na saini zishuhudiwe, na kama ardhi ni ya kilimo, inahitajika idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Wakala angeweza kuwa mtakatifu na mkataba ukaanguka kwa kukosa hayo.

Pia usimtwike wakala, hata aliyesajiliwa, kazi ya kuchunguza chimbuko la hati. Aprili 2023, katika shauri la Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya ufukweni Nyali, Mahakama ya Juu ilikataa kumlinda mnunuzi aliyeinunua ardhi ambayo ugawaji wake wa kwanza haukufuata sheria. Maana yake kwa mnunuzi wa kawaida ni kwamba kupekua rejista siku moja na kukuta jina la muuzaji hakutoshi; inabidi kurudi nyuma hadi ardhi ilipotolewa mara ya kwanza. Hiyo ni kazi ya wakili na mpimaji. Wakala atalaumiwa ikiwa alijua kasoro akanyamaza, au kama alikuhakikishia jambo ambalo hakulichunguza.

Kwa nini wakala ananidai kitambulisho na maelezo ya fedha zangu zilikotoka?

Kwa sababu sheria inamtaka afanye hivyo. Sheria ya mwaka 2009 dhidi ya utakatishaji wa fedha imewaweka mawakala miongoni mwa wanaopaswa kuwatambua wateja wao na kuripoti miamala ya shaka kwa Kituo cha Taarifa za Fedha. Februari 2024 Kenya iliwekwa na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na tangu hapo mkazo umezidi. Wakala asiyekuuliza chochote unapomletea mfuko wa fedha taslimu si mkarimu. Anavunja wajibu wake.

Niko Muscat, au Houston, na wakala alipewa fedha na ndugu yangu. Nani alalamike?

Aliyeingia kwenye makubaliano ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi. Kama risiti na mkataba vina jina la ndugu yako, yeye ndiye atakayeandika, na wewe utatoa maelezo ya kuunga mkono pamoja na rekodi za fedha ulizotuma. Ukitaka mtu akuwakilishe Kenya, mpe mamlaka ya uwakilishi yaliyoandikwa kisheria na kusajiliwa, usimpe maagizo ya sauti kwa simu. Na kwa shughuli zijazo, fedha za ununuzi zipite kwenye akaunti ya wateja ya wakili uliyemchagua wewe, si yule aliyeletwa na wakala.

Nimechelewa. Je, bado nina muda?

Kwa madai ya kimkataba, Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 22, inatoa miaka 6. Kwa madhara ya kiraia yasiyo ya mkataba, miaka 3. Kwa kudai kurudishiwa ardhi yenyewe, miaka 12. Pale ambapo udanganyifu ulifichwa, muda hauanzi kuhesabiwa mpaka siku ulipougundua, au siku ambayo mtu mwangalifu angeweza kuugundua. Kwa sababu hiyo, tarehe uliyogundua ni ushahidi kama risiti ilivyo ushahidi, na inafaa uiandike leo, ungali unaikumbuka, pamoja na jina la aliyekuambia na mahali mlipokuwa.